Kichujio cha barua taka baada ya kusasisha Ubuntu: Thunderbird, Bogofilter, SpamAssassin au seva?

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi simu iliita. Alikuwa mhasibu wa ofisi moja ya vifaa vya ujenzi ninayoihudumia hapa Dar. "Kaka, habari za asubuhi. Msambazaji anasema profoma ya saruji aliituma tangu Ijumaa usiku, mimi sina. Halafu kikasha kimejaa matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, hata sijui nianzie wapi."

Ijumaa jioni tulikuwa tumepandisha kompyuta zao pamoja na seva yao ndogo ya barua pepe kutoka toleo la 22.04 la mfumo endeshi wa Ubuntu hadi 24.04. Kila kitu kiliwaka vizuri. Printa ilichapa, hesabu zilifunguka, intaneti ilikuwa sawa. Kichujio cha barua taka hakuna aliyekumbuka kukijaribu.

Profoma niliikuta kwenye folda ya taka. Nilibonyeza Ctrl+U kufungua chanzo cha barua, nikashuka taratibu hadi kwenye mistari inayoanza na X-Spam. Palikuwa pameandikwa hivi:

X-Spam-Status: Yes, score=5.3 required=5.0

Yaani ilipata alama 5.3, na 5.0 tu zinatosha kuitwa taka. Miongoni mwa sababu zilizoorodheshwa ilikuwepo UNWANTED_LANGUAGE_BODY. Yaani barua ilikuwa imeadhibiwa kwa kuandikwa kwa lugha isiyotakiwa, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Aliyepanga seva upya alinakili mipangilio kutoka kwenye mwongozo wa watu wanaoandikiana Kiingereza tu, na ndani yake mlikuwa na mstari usemao ok_languages en. Mstari huo mmoja ulikuwa unaipachika barua ya Kiswahili alama 2.8 kabla hata haijatazamwa inasema nini. Barua yenyewe ilikuwa na aya tatu za heshima kabisa, bei ya mfuko, gharama za usafiri, na "karibu sana dada kwa swali lolote".

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ashike kichujio kipi baada ya kusasisha mfumo, nami humuuliza kwanza: kile cha zamani kilikuwa kinajua nini, na ujuzi huo umebaki wapi?

Vichujio vingi vya kwenye kompyuta zetu hujifunza kwa kuhesabu maneno. Hesabu yenyewe ina asili kwa Thomas Bayes, kasisi Mwingereza wa karne ya 18, na mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham aliandika kuonyesha jinsi inavyoweza kukamata barua taka. Kichujio kinaweka daftari: neno "profoma" nimeliona mara ngapi kwenye barua halali, mara ngapi kwenye taka. Barua mpya ikija, kinajumlisha ushahidi wa maneno yake na kutoa uamuzi. Programu yenyewe utaipata bure wakati wowote. Daftari ni jasho lako la miaka, na ndilo linaloweza kupotea mfumo unaposasishwa.

Kwa sisi tunaoandikiana Kiswahili kuna jambo la ziada. Nimekutumia, tumekutumia, atakutumia, ulivyonitumia: kwako hicho ni kitenzi kimoja, kwa kichujio ni maneno manne yasiyo na undugu. Mwenye kuandika Kiingereza ana maumbo machache ya kila kitenzi, kwa hiyo daftari lake hujaa upesi. Letu huchelewa. Ndiyo maana kupoteza daftari la Kiswahili kunauma zaidi.

## Nimepima kwa vigezo gani

Vichujio ni vinne: kile cha ndani ya Thunderbird, ambayo ni programu ya kusomea barua; Bogofilter; SpamAssassin, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye seva; na kile cha seva ya mtoa huduma. Kila kimoja nimekitazama kwa mambo yaleyale: sasisho linakiathiri vipi, kukifundisha upya kunachukua nini, kinakipokeaje Kiswahili, kina mzigo gani kwa mashine, bando na ustadi wa mtu, na mwishowe kinamfaa nani. Ubora wa kukamata taka sikuuweka kama kigezo cha pekee. Vyote vinne vikifundishwa vizuri vinakamata. Tofauti kubwa iko kwenye matunzo.

Kabla ya kulinganisha lolote, fanya nilivyofanya kwenye ile profoma. Fungua chanzo cha barua iliyopotea njia. Ukikuta mistari ya X-Spam, kwa kawaida aliyehukumu ni SpamAssassin au kichujio kingine cha upande wa seva. Ukikuta X-Bogosity, ni Bogofilter. Usipokuta kitu, mshukiwa wa kwanza ni programu yako ya barua yenyewe. Nimeona watu wanafuta na kusakinisha upya Thunderbird kutwa nzima kumbe kosa liko kwenye seva.

## Kichujio cha ndani ya Thunderbird

Sasisho linavyokiathiri. Daftari la Thunderbird ni faili moja, training.dat, ndani ya folda ya wasifu wako, yaani folda ambamo programu huweka akaunti na mipangilio yako. Akaunti zako zote kwenye wasifu huo zinalitumia kwa pamoja. Ukipanda kwenda Ubuntu 24.04, Thunderbird inakuja kwa mfumo wa snap, aina ya kifurushi kinachotunza faili zake mahali pake, na makazi yake yanahama kutoka ~/.thunderbird kwenda ~/snap/thunderbird/common/.thunderbird. Mtu akijikuta na wasifu mpya mtupu, anaingiza akaunti zake upya kwa nenosiri, barua zinashuka kutoka kwenye seva, anaamini amemaliza. Daftari limebaki kwenye nyumba ya zamani.

Dawa ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Funga Thunderbird kabisa. Nakili training.dat kutoka wasifu wa zamani, ibandike kwenye ule mpya, kisha fungua. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kila akaunti, sehemu ya barua taka, uhakikishe alama ya kuwasha kichujio kinachojifunza ipo. Alama hiyo ni ya kila akaunti peke yake, na kwenye wasifu mpya inaweza isiwe ulivyoizoea. Mhasibu wetu ndivyo alivyokuwa: faili lilikuwepo salama, limekaa kwenye folda ambayo hakuna programu inayoisoma tena.

Kufundisha upya. Kama faili limepotea moja kwa moja, unaanza upya kwa vidole. Chagua barua taka, bonyeza J. Chagua barua halali, bonyeza Shift+J. Hapo kwenye Shift+J ndipo wengi wanapokosea: wanaionyesha taka tu, kila siku, na hawaionyeshi hata siku moja barua njema inafananaje. Kichujio kilichoona upande mmoja hakina cha kulinganishia. Chukua folda ya wateja, teua zote, Shift+J. Dakika tano tu. Kwa kawaida Thunderbird huiita barua taka pale uwezekano unapofika 90 kwa 100, kwa hiyo wiki za mwanzo tarajia taka nyingi kupenya, na hilo ni afadhali kuliko barua halali kukamatwa.

Kiswahili. Hakina orodha ya lugha inayotakiwa wala isiyotakiwa. Kinajua tu ulichokionyesha. Mtu ambaye taka zake zote ni za Kiingereza na barua zake halali ni za Kiswahili atashangaa kinavyoshika haraka, maana lugha yenyewe inakuwa ushahidi. Lakini atazame upande wa pili: mteja wa kwanza wa kigeni atakayeandika Kiingereza huenda akatupwa kwenye taka. Muingize kwenye kitabu cha anwani. Kuna kisanduku cha kuiambia Thunderbird isimguse mtu aliyemo humo.

Mzigo. Mdogo kwa mashine. Kwa bando ni mkubwa kidogo, kwa sababu kichujio lazima kisome mwili wa barua, hivyo taka inashuka kwanza ndipo inahukumiwa.

Kinamfaa nani. Mtu anayetumia kompyuta moja, asiyetaka kugusa amri, mwenye nidhamu ya kubonyeza vitufe viwili. Hakimfai anayesoma barua zilezile kwenye simu pia, kwa sababu kompyuta ikizimwa hakuna anayechuja.

## Bogofilter, pamoja na Evolution

Bogofilter aliianzisha Eric Raymond mwaka 2002. Ni programu ndogo, ya kasi, inayofanya kazi pembeni ya programu ya barua. Watumiaji wa Evolution, programu nyingine ya kusomea barua, huipata kupitia kifurushi evolution-plugin-bogofilter.

Sasisho linavyokiathiri. Kuna mahali pawili pa kuvunjika. Kwanza kifurushi cha kuunganisha kinaweza kuwa kimeondolewa wakati wa kupandisha toleo, na Evolution ikaendelea kufunguka kama kawaida bila mchujaji. Tazama kwenye mapendeleo ya barua, sehemu ya taka: kama jina la Bogofilter halipo, sakinisha kifurushi. Pili ni daftari, ~/.bogofilter/wordlist.db. Hilo ni hifadhidata, na Bogofilter inaweza kujengwa juu ya Berkeley DB, SQLite na nyinginezo. Aina ikibadilika, faili la zamani halisomeki.

Uzuri ni kwamba wenyewe wameweka njia ya kuligeuza daftari kuwa maandishi ya kawaida. Kabla ya kusasisha:

bogoutil -d ~/.bogofilter/wordlist.db > maneno.txt

Baada ya kusasisha, weka pembeni faili la zamani, kisha:

bogoutil -l ~/.bogofilter/wordlist.db < maneno.txt

Faili la maneno.txt unaweza kulifungua na kulisoma kwa macho. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndicho kinachonifanya niipende Bogofilter. Unaweza kuiuliza neno moja moja:

bogoutil -p ~/.bogofilter/wordlist.db profoma ankara risiti hongera

Inakujibu kwa safu: neno hili limeonekana kwenye taka mara ngapi, kwenye halali mara ngapi, na hukumu yake ni ipi. Ukikuta "hongera" limeelemea upande wa taka, unajua kwa nini barua ya mwenzako wa kukupongeza imepotea. Hakuna kubahatisha. Kwa mtu anayetaka kuelewa kichujio chake kinamtazamaje, hakuna kati ya hivi vinne kinachojieleza waziwazi namna hii.

Kufundisha upya. Ndani ya Evolution ni Ctrl+J kwa taka na Ctrl+Shift+J kwa halali. Kwenye amri ya bogofilter, -s inasajili taka na -n inasajili halali. Ukigundua ulikosea, kuna -S na -N za kufuta usajili wa mwanzo. Zitumie, usiishie kusajili upya tu, la sivyo kosa linabaki limeandikwa. Bogofilter inaweza pia kusema "sina hakika", jibu la tatu ambalo wengine hawana. Barua za kundi hilo ndizo za kufundishia, kwa sababu ndizo zenye somo.

Kiswahili. Sawa na Thunderbird: haina upendeleo wala chuki ya lugha. Tofauti ni kwamba hapa unaweza kulisha folda nzima za miaka iliyopita kwa amri moja, kwa hiyo lile tatizo la maumbo mengi ya vitenzi linapungua haraka. Kama una barua 3,000 za kazi zilizohifadhiwa, zilishe zote.

Mzigo. Mwepesi kuliko vyote kwenye mashine. Inafanya kazi hata intaneti ikikatika, haimuulizi mtu yeyote wa nje. Taka inashuka kwanza kama kwa Thunderbird. Ustadi unaohitajika ni kuizoea terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa kiasi.

Kinamfaa nani. Mtu wa Evolution, au mwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ndogo, au anayeshughulika na siri za watu kama wakili au mshauri nasaha, asiyetaka maneno ya barua zake yatoke nje ya mashine.

## SpamAssassin

Sasisho linavyokiathiri. Kati ya vinne, hiki ndicho kinachoguswa zaidi, kwa kuwa kina sehemu nyingi. Ukitoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 unatoka SpamAssassin 3.4 kwenda 4.0, na kuna mambo yamehama. Huduma inayofanya kazi chinichini sasa iko kwenye kifurushi chake, spamd, na jina la huduma ni spamd badala ya spamassassin. Mtu aliyezoea kuwasha huduma kwa jina la zamani anaambiwa haipo. Yale majina ya whitelist_from na blacklist_from, ya kuruhusu na kuzuia watumaji, nayo yamepewa majina mapya, welcomelist_from na blocklist_from, ingawa kwenye 4.0 ya zamani bado yanakubaliwa.

Anza na spamassassin --lint. Ikinyamaza, mipangilio yako inasomeka. Ikilalamika, inakutajia mstari. Kisha sa-update ili upate kanuni mpya. Usiiruke hatua hii. Mwaka 2010 ulipoingia, kanuni moja ya SpamAssassin iliyokuwa ikishuku tarehe za mbali mno ilianza kuadhibu barua za kawaida kwa sababu tu zilikuwa na tarehe ya mwaka huo. Kanuni ilikuwa sahihi ilipoandikwa, kisha muda ukaipita.

Jambo jingine la kutazama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za namba. SpamAssassin huuliza orodha za nje za watumaji taka, kama za Spamhaus, kuhusu anwani zilizomo kwenye barua, na Spamhaus haitoi majibu ya kawaida kwa maswali yanayopitia DNS za umma kama 8.8.8.8 ya Google. Kama wakati wa kusasisha DNS ya seva ilibadilishwa kwenda huko, sehemu hiyo ya kichujio inakufa kimyakimya. Ukiona URIBL_BLOCKED kwenye vichwa vya barua, ni ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Weka DNS ya kwako kwenye seva.

Kufundisha upya. Daftari lake liko ~/.spamassassin. Kabla ya kusasisha, sa-learn --backup > bayes.txt, baada yake, sa-learn --restore bayes.txt. Ukianza na daftari tupu, jua kwamba sehemu ya kujifunza haifungui mdomo hadi iwe imeona taka 200 na barua halali 200. Watu wengi huifundisha barua 50, wanaona hakuna kilichobadilika, wanakata tamaa. Amri ya sa-learn --dump magic inakuonyesha umefikia ngapi. Katika kipindi hicho cha kungoja, kanuni zake za kudumu zinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo huachwi mtupu kama kwenye vile viwili vya kwanza. Hii ni sifa kubwa, na ni haki niitaje baada ya kukisema sana.

Kiswahili. Hapa ndipo penye hatari na penye nafuu. Hatari nimeshaisimulia. Nafuu ni kwamba programu-jalizi ya TextCat, inayotambua lugha, inakifahamu Kiswahili kwa alama ya sw. Kama umeiwasha, andika ok_languages en sw, ongeza fr kama una washirika wa Bujumbura au Lubumbashi, na ar kama mna biashara na Muscat au Dubai. Kama huhitaji kubagua lugha, iache imezimwa kama inavyokuja yenyewe.

Kanuni nyingi za kudumu zinalenga ulaghai wa Kiingereza. Mlaghai anayeandika "tuma kwenye namba hii" hakamatwi na kanuni hizo. Anakamatwa na sehemu ya kujifunza, yaani na wewe uliyemfundisha.

Mzigo. Ni mzito. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya Perl, inakula kumbukumbu ya mashine, inahitaji mtandao, na inahitaji mtu wa kuitazama. Kwenye kompyuta ya mezani ya mtu mmoja siipendekezi.

Kinamfaa nani. Ofisi yenye seva yake na fundi anayepatikana. Watu kumi wanaopokea taka za aina moja wananufaika na kanuni moja.

## Kuiachia seva ya mtoa huduma

Sasisho linavyokiathiri. Ukisasisha kompyuta yako mara kumi, kichujio cha Gmail au cha kampuni inayohifadhi tovuti yako hakitikisiki. Kinachoweza kupotea ni makubaliano kati yake na programu yako. Kwenye Thunderbird kuna kisanduku cha kuiambia iamini alama zilizowekwa na SpamAssassin wa seva; baada ya wasifu mpya, kisanduku hicho kinahitaji kutiwa alama tena. Hakikisha pia folda ya taka uliyoichagua kwenye programu ni ileile ya seva. Folda mbili za taka zikiwa kwenye akaunti moja, barua halali hujificha kwenye ile usiyoifungua.

Kufundisha upya. Kwa Gmail, kuitoa barua kwenye folda ya taka na kuirudisha kikashani ni somo tayari. Kumbuka tu kwamba Gmail hufuta iliyomo humo baada ya siku 30. Kwenye huduma zinazosimamiwa kwa cPanel, jopo la kuendeshea tovuti na barua, ambazo ofisi nyingi ndogo zenye anuani za .co.tz na .co.ke hutumia, kuna ukurasa wa vichujio vya taka wenye kiwango cha alama, kwa kawaida 5. Kukipunguza kiwango ni kukaza kichujio, kukiongeza ni kukilegeza. Wapo waliokikaza hadi 2 kwa hasira ya wiki moja, kisha wakapoteza barua za wateja. Kukaa kwenye 5 na kuongeza watumaji unaowaamini kwenye orodha ni salama zaidi.

Kiswahili. Huna mkono. Mtoa huduma mkubwa ameona barua nyingi za Kiswahili kuliko utakazoona maisha yako yote, na hilo linasaidia. Lakini akikosea, huwezi kufungua daftari lake uone sababu.

Mzigo. Karibu hakuna, na kwa mtu wa bando hili lina uzito: kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimehifadhiwa kwenye seva, taka inabaki kwenye folda yake hukohuko kwenye seva usipoifungua. Simu, kompyuta ya ofisini na ya nyumbani zote zinaona kikasha kilekile kilichosafishwa. Gharama yake ni faragha, maana mashine ya mwingine ndiyo inayosoma.

Kinamfaa nani. Anayesoma barua kwenye simu zaidi ya kompyuta, na yeyote asiye na fundi wa karibu.

Neno moja kwa anayetuma. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinadai watumaji wathibitishe domeni zao kwa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua), na watumaji wakubwa wawe navyo vyote viwili pamoja na DMARC, maelekezo ya nini kifanyike uthibitisho ukishindwa. Kama barua za msambazaji wako zinaangukia taka kila mara, hata kwa watu wengine, huenda kichujio chako hakina kosa. Mpigie, mwombe amwulize anayemhifadhia domeni kama SPF imewekwa.

## Kwa hali yako

Umesasisha kompyuta jana, taka zimefurika, na ulikuwa mtu wa Thunderbird: usibadilishe programu. Tafuta training.dat ya zamani kwanza. Kuna uwezekano mkubwa bado ipo.

Bado hujasasisha: chukua dakika kumi leo. Nakili training.dat kwenye flashi, au toa maneno.txt, au bayes.txt, kulingana na ulichonacho.

Daftari limepotea kabisa na huna barua za zamani za kulishia: egemea seva kwa miezi miwili ya kwanza, huku ukifundisha cha kwenye kompyuta pole pole kwa J na Shift+J. Ila ukikuta vinagongana, yaani barua halali inatoweka na hujui nani kaichukua, zima kimoja hadi ujue.

Unayo folda kubwa ya barua za Kiswahili na hupendi zisomwe na mwingine: Bogofilter, bila shaka moyoni mwangu. Lakini kama neno "terminali" linakukosesha raha, Thunderbird itakupa sehemu kubwa ya faida hiyo.

Ofisi yenye seva na watu kadhaa: SpamAssassin inalipa, kwa sharti kwamba jina la mtu anayewajibika nayo linajulikana, na kwamba siku ya kusasisha mfumo mtu huyo anatuma barua mbili za majaribio, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, kabla ya kwenda nyumbani.

Kwa mhasibu wetu tulitumia viwili. Kwenye seva niliongeza sw kwenye ule mstari wa lugha na kuwasha upya spamd. Kwenye kompyuta yake nilirudisha training.dat kutoka folda ya zamani na kutia alama kwenye visanduku viwili. Tukamwomba msambazaji aitume tena profoma ileile, bila kubadilisha neno. Ilitua kikashani na alama 2.5, akaichapa, akaipeleka kwa bosi kutiwa saini.